Milima Haikutani, Mzazi na Mwana Wakutane

Mzazi mwenzangu wa Singida, uwe Iramba au Mkalama, Ikungi au Manyoni, Itigi au hapa mjini, nina ombi moja kwako. Likizo ya Juni ikifika, tenga asubuhi moja. Mwamshe mwanao mapema, chukueni maji na kitu cha kutafuna, mkapande kilima. Si lazima kiwe kirefu, wala si lazima kiwe na jina kwenye ramani. Kiwe kile mnachokiona kila siku mkifungua mlango, na ambacho hamjawahi kukikanyaga mkiwa pamoja.

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Ni kweli. Lakini nimeona kwamba hata binadamu wanaolala nyumba moja huweza kukaa miaka bila kukutana. Mimi na binti yangu tulikuwa hivyo, na tulikuja kukutana juu ya jabali.

Alikuwa na miaka tisa. Tuliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, na kidumu cha maji cha lita tatu, karanga, na michembe aliyoileta bibi yake kutoka kijijini. Tulielekea kwenye majabali yanayotazama Ziwa Singidani, yale yaliyopandana kama magunia ghalani. Nilitangulia, nikawa napanda kwa mwendo wangu wa kuwahi kazini, nikimwita bila kugeuka: haya twende, fanya haraka, jua litatukuta. Hakuitika. Nilipogeuka nilimkuta amechuchumaa chini yangu, anachungulia ufa kwenye mwamba. Ndani ya ufa ule, pasipo na udongo wa kujaza hata kiganja, palikuwa na mche wa mkuyu wenye majani manne.

“Baba, huu unakula nini humu?”

Sikuwa na jibu. Nilirudi chini hatua sita, nikachuchumaa kando yake, tukautazama wote. Tangu hapo sikutangulia tena.

Tulipofika juu nilitaka kumfurahisha. Nikamwonyesha kundi la ng'ombe walioshuka kunywa maji ukingoni mwa ziwa, nikamwambia awahesabu. Akakaza macho, akakunja uso, akanyamaza. Kisha akauliza polepole, “Ng'ombe gani, baba?”

Kundi lilikuwa pale pale, weusi, wekundu na wenye mabaka, mtu yeyote angewaona. Mwanangu hakuwaona. Nilimwonyesha barabara, hakuiona. Nilimwonyesha mabati ya nyumba yanavyong'aa kwa jua, akaniambia anaona mwanga tu. Nikamuuliza ubaoni je, darasani? Akasema huwa ananakili kwa jirani yake wa dawati. Miaka mitatu nilikuwa nasaini taarifa zake za shule na kumuuliza kwa nini hajitumi. Wiki iliyofuata tulikwenda kupima macho, akapewa miwani.

Nimelisimulia hili kwa sababu najua sipo peke yangu. Tunawapenda watoto wetu, tunawahangaikia ada, sare na madaftari, tunatoka alfajiri kwa ajili yao na kurudi wamelala. Ila nyumbani tunawatazama kwa karibu mno, tukiwa na haraka mno, na mara nyingi tunawatazama kutoka juu: umeoga, umekula, umefanya kazi uliyopewa? Kilimani mzazi na mtoto wanasimama upande mmoja wakitazama kitu kimoja. Hapo ndipo mtoto anaposema asiloweza kusema akiwa amesimamishwa sebuleni na kuulizwa maswali. Miguu ikiwa na kazi, ulimi hulegea.

Wazee wetu hawakuhitaji kuandikiwa wito wa namna hii. Mtoto wa Kinyaturu, wa Kinyiramba au wa Kinyisanzu alikijua kilima chake kabla hajaijua shule, kwa sababu kazi ilimpeleka huko nyuma ya mkubwa wake. Alimfuata baba kwenye mizinga ya nyuki, mama kwenye kuni, kaka kwenye malisho. Njiani alifundishwa mti upi ni dawa, mzizi upi una maji, jiwe lipi halikanyagwi mvua ikinyesha. Wahadzabe wa Munguli, wilayani Mkalama, hadi leo watoto wao hulijua pori la wazazi wao kwa kutembea ndani yake. Sisi wengine maisha yametugawa: mtoto shuleni, baba machimboni au kwenye lori la alizeti, mama sokoni. Simlaumu mtu. Lakini kile kilichokuwa kikija chenyewe na kazi za kila siku, sasa hakiji mpaka tukitengee muda kwa makusudi.

Na sisi tuna bahati ya milima. Mtu wa pwani akitaka kumpandisha mwanawe mlima lazima asafiri. Singida majabali yako nyuma ya nyumba. Mji wenyewe uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, katikati ya maziwa ya Singidani na Kindai. Iramba kuna mteremko wa Sekenke, ambako basi la kwenda Igunga linashuka na abiria wote kugeuza shingo kutazama mbuga ya Wembere ilivyotandazwa huko chini. Kaskazini mashariki, asubuhi isiyo na vumbi, unajitokeza Hanang, mlima wa jirani zetu wa Manyara, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ambao Wabarabaig wameuheshimu vizazi na vizazi.

Mkifika kwenye jiwe, kuna mengi ya kumweleza mtoto, na ni ya kweli kabisa. Mwambie mwamba aliokalia ni granaiti ya zamani sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, miongoni mwa miamba mikongwe ya Afrika. Akikuuliza nani aliyapandanisha mawe haya, mwambie hakuna aliyeyapandanisha. Zamani yote yalikuwa mwamba mmoja chini ya ardhi, wenye nyufa. Maji yalipenya kwenye nyufa, yakaula mwamba kidogo kidogo hadi ukawa mchanga na udongo. Mvua za miaka isiyohesabika zikauchukua ule udongo, na vile viini vigumu vya katikati vikabaki vimekaa kimoja juu ya kingine. Mwonyeshe pimbi anayeota jua mlangoni mwa pango lake, kisha mwambie miongoni mwa ndugu wa karibu wa mnyama huyu mdogo, kati ya wanyama walio hai leo, ni tembo. Atakubishia. Mwache akubishie, mtakuwa mmepata mazungumzo ya njia nzima.

Halafu mwache aone na yasiyopendeza. Kutoka juu hakufichiki kitu. Utauona moshi wa tanuri la mkaa kwenye miombo. Utaona shamba la alizeti lililopanda juu zaidi mlimani kuliko mwaka jana, na mfereji mwekundu uliochimbwa na mvua katikati yake. Utaona kilima kilichomegwa nusu kwa ajili ya kokoto, na chini yake akina mama wameketi kwenye kivuli cha turubai, wanagonga mawe kwa nyundo. Binti yangu aliniuliza kama jabali likiisha watagonga nini. Nilimwambia wale ni mama za watoto wenzake, na kila rundo lile ni daftari, ni chumvi, ni nauli. Hatuwezi kuwaambia wale waache kula. Tunachoweza ni kukaa kama kijiji na kukubaliana: kilima hiki kitatoa kokoto, na kile hakitaguswa, kwa sababu kile ndicho kinachotunza kisima chetu.

Hilo si ndoto. Mkoa wetu ulilifanya mapema. Katikati ya miaka ya 1990 msitu wa miombo wa Mgori, upande wa mashariki wa Singida, uliwekwa mikononi mwa vijiji vitano vinavyouzunguka. Wanakijiji walichagua walinzi miongoni mwao, wakatunga sheria ndogo zao, wakaanza kuutunza msitu ambao hapo kabla kila mtu aliuchukulia kuwa wa serikali na kwa hiyo si wa mtu. Pamoja na Duru-Haitemba ya Babati, Mgori ulikuwa miongoni mwa misitu ya kwanza Tanzania kuongozwa hivyo, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaja kuvipa vijiji nafasi ya kutenga misitu yao ya hifadhi katika ardhi ya kijiji. Mlango uko wazi kwa kijiji chako pia. Lakini mkutano wa kijiji hauwezi kupiga kura kukilinda kilima ambacho hakuna aliyekipanda tangu utotoni. Mtu hulinda alichokizoea.

Tena kuujua mlima ni suala la usalama wetu. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliteremka kutoka Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, wakiwemo watoto. Wataalamu walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye mwamba dhaifu ilinyonya maji mengi, ikashindwa kujishikilia, ikaporomoka. Sisi wa Singida tulilia na ndugu zetu. Wengi wetu tuna shemeji, wateja na marafiki kando ya barabara ya kwenda Katesh. Sisemi kwamba kutembea mlimani kungezuia maafa yale. Ninasema mtoto aliyetembea na mzazi wake kwenye makorongo anajua maji hupita wapi yakija kwa nguvu. Mwonyeshe. Mwambie: ukisikia mngurumo juu, au ukiona maji ya kijito yamegeuka tope ghafla, usisimame kutazama, wala usirudi kuchukua kitu, kimbilia pembeni, mahali pa juu, mbali na korongo. Maneno hayo akiyasikia akiwa amesimama ndani ya korongo lenyewe hatayasahau.

Sasa tupange safari. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Wakati huo majabali huteleza, na radi hupenda pa juu, acheni. Kuanzia Juni anga ni safi na upepo wetu wa Singida unavuma, kwa hiyo mvalishe mtoto sweta na kofia. Ondokeni mapema, mrudi kabla ya saa sita. Viatu viwe vya kufunga, si kandambili. Maji yawe ya kutosha kwa wote wawili. Mwambieni mtu wa nyumbani mnakokwenda na saa ya kurudi. Msiingize mkono kwenye ufa msiouona ndani, maana nyoka na nyuki nao wana makazi yao. Kwenye mteremko mkali mtoto apande mbele yako ili umwone na kumdaka. Wakati wa kushuka, wewe tangulia. Na kabla ya yote, waulizeni wazee wa mahali hapo. Vilima vingi vya kwetu vina historia ya matambiko na maombi ya mvua, na kuna mahali pa kupita kwa heshima au kutopita kabisa. Mtoto akikuona ukivua kofia mbele ya mzee na kuomba njia, amejifunza jambo kubwa kabla hamjapanda hata hatua moja.

Mwendo ni wake, si wako. Akitaka kupumzika, pumzikeni. Akitaka kurudi katikati, rudini, mtakuja tena. Kilele hakina mtihani. Haraka haraka haina baraka, na waongoza watalii wa Kilimanjaro, ambao kazi yao ni milima, neno wanalolirudia kutwa nzima ni polepole. Mkishaizoea milima midogo na mtoto akakua, Hanang uko karibu. Huo mpande kwa utaratibu, kwa kibali na mwongoza njia wa Katesh, kwa sababu ni safari ya kutwa nzima, na juu ya mita 2,500 hewa nyepesi huweza kumletea mtu kichwa kuuma na kichefuchefu. Mtoto akilalamikia hayo, dawa ni kushuka, si kumtia moyo aendelee. Kilimanjaro wenyewe, wenye mita 5,895, anayetaka kufika kileleni lazima awe na miaka 10 au zaidi.

Nikitaja Kilimanjaro nakumbuka kwamba taifa hili lenyewe lilianza maisha yake mlimani. Usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliweka mwenge na bendera mpya ya Tanganyika kileleni, na kilele kile kikaitwa Uhuru. Kila mtoto wa shule anaimbiwa habari za mwenge. Tumpe nafasi na yeye asimame mahali palipoinuka, aitazame nchi aliyoachiwa, hata kama ni kata yake tu.

Wito huu si wa akina baba peke yao. Mama unayelea peke yako, huhitaji kumsubiri mwanamume akuongoze kupanda jiwe ulilolizunguka miaka yote ukitafuta kuni. Bibi na babu mliobaki na wajukuu, nendeni hadi pale magoti yanaporuhusu, mketi, msimulie. Hapo mlipofika ndipo kilele chenu. Mlio na mtoto asiyeweza kutembea, tafuteni mahali barabara inapopita juu, kama pale Sekenke, mmkalishe aone mbuga ilivyo pana. Wewe uliye mbali, Dar es Salaam au machimboni, ukija likizo usilete zawadi tu. Leta na hiyo asubuhi moja.

Walimu wetu, mkipanga safari za wanafunzi, waalikeni wazazi wapande pamoja nao. Mashehe, mapadri na wachungaji, mnasikilizwa kuliko mtu mwingine yeyote. Tangazeni jambo hili mbele ya waumini. Wenyeviti wa vijiji na mitaa, chagueni kilima kimoja katika eneo lenu, kiwe cha watoto. Mzee mmoja aonyeshe njia salama, vijana waisafishe, kokoto na mkaa visiguse hapo, na kila familia inayopanda mwezi Juni iweke alama ya mahali penye udongo ili irudi na mche mvua zikianza. Gharama yake ni jembe, jasho na makubaliano. Fedha za mradi hazihitajiki.

Juni iliyopita tulirudi kwenye jabali letu. Binti yangu sasa ana miaka kumi na minne na miguu mirefu. Kupanda anatangulia yeye. Kwenye ule ufa tulichuchumaa tena. Mche umekuwa mti unaonifika kifuani, na mizizi yake imeteremka juu ya jiwe kama vidole, ikitafuta udongo huko chini. Swali lake la siku ile sasa analijibu mwenyewe: unakula vumbi linaloletwa na upepo, na majani yaliyooza, na maji yanayobaki kwenye ufa mvua ikikatika.

Tulipokaribia juu pumzi ilinikata nikasimama. Sikumwita. Alipogundua hanisikii nyuma yake aligeuka, akashuka hadi nilipokuwa, akakaa kwenye jiwe, akanipa kidumu. Hakusema neno la kuniharakisha.

Juu kulikuwa na upepo mkali. Alifuta miwani yake kwa upindo wa kitenge, akaivaa, akatazama kaskazini mashariki kwa muda mrefu.

“Baba, ule si Hanang?”

Nilitazama. Niliona ukungu tu. Akanishika bega, akaninyooshea mkono taratibu, kama mimi nilivyomnyooshea siku ile ya ng'ombe, akasubiri mpaka na mimi nikauona.